Shamba la mezani linagoma kufanana na shamba? Tafuta kosa kwa dalili

Kama una shamba la mezani, yaani shamba dogo la mfano, trekta la skeli ya 1/32 (dogo mara 32 kuliko la kweli), banda, mahindi, ng'ombe, na kila ukiliangalia unaona kabisa kuna kitu hakijakaa ila hukijui ni kipi, usibomoe kwanza. Mimi shamba la babu la kule Iringa nimelijenga mara tatu nikiwa chumba cha kupanga hapa Dar, na mara mbili za kwanza nilivunja kila kitu wakati kosa lilikuwa la kurekebisha jioni moja tu. Inaniuma mpaka leo maana lile banda la kwanza lilikuwa zuri.

Nilichokuja kukishika ni kwamba karibu kila dalili mbaya inatokana na moja kati ya mambo mawili, maji au kipimo. Maji yameingia pasipotakiwa, au yamekauka upande mmoja, au hayajatoka bado. Kipimo ni pale kitu kimoja kimezidi ukubwa wake, jicho linakamata hapo hapo hata kama mwenye jicho hawezi kukuambia ni nini. Kwahiyo kabla hujanunua chochote kingine kamata futi na kikokotoo cha simu, ukubwa halisi gawa kwa 32, basi. Mtu wa mita 1.7 anatoka sentimita 5.3. Mlango wa mita 2 ni sentimita 6 na kidogo. Tofali la bloku la sentimita 45 kwa 23 linakuwa milimita 14 kwa 7. Mahindi yaliyokomaa ya mita 2 na ushee yanakuja kama sentimita 7.

Kila kitu kipo ila linaonekana la watoto

Anza na vitu vya kununua. Wale ng'ombe wa plastiki wa kwenye maduka ya midoli hawana skeli yoyote, unakuta kwenye pakiti moja ng'ombe na mbuzi wanalingana na kuku anamfika mbuzi tumboni. Ng'ombe wetu wa kienyeji mabegani ana kama mita 1.1 mpaka 1.2, kwenye 1/32 asizidi sana sentimita 3.7. Wale wa seti za Ulaya kama Britains au Siku wana skeli nzuri ila ni ng'ombe wa kizungu, warefu na mgongo umenyooka, mimi nawawekea nundu kwa puti ya epoksi nasubiri ikauke napiga msasa afu narudia rangi, na hapo hapo shamba linahama kutoka Uingereza linakuja nyumbani. Watu wa 1/35 wa vifaa vya kijeshi wanaingia bila shida, mtu wa mita 1.7 pale ana sentimita 4.9, ataonekana mfupi tu. Wa 1/43 usiwaweke kabisa, wana sentimita 4, watageuka watoto wenye ndevu.

Sababu ya pili ni msongamano na hii ndio inawakamata wengi. Ekari moja ukiikata mraba, kwa skeli hii inakula karibu mita 2 kwa mita 2. Sasa wewe una ubao wa sentimita 60 kwa 40, yaani eneo la kweli la mita 19 kwa 13 hivi, na humo umeweka nyumba, banda, josho, bwawa, bustani, mahindi na matrekta mawili. Hamna shamba la hivyo popote. Josho peke yake likiwa na urefu wa mita 10 linameza sentimita 31 za ubao wako. Toa vitu. Chagua kona moja tu, tuseme nyuma ya banda pale trekta linapolala, mahindi yaanzie katikati yaende mpaka ukingo yakatwe na ukingo wenyewe, jicho litamalizia lililobaki. Na mistari ya mahindi isiende sambamba na ukingo wa ubao, igeuze kidogo, ukiipanga sambamba na fremu mtu anaona ubao haoni shamba.

Bati linaonekana kama mawimbi ya bahari

Hili ni kosa la kipimo tupu. Karibu kila mtu anaanza kwa kuchuna karatasi ya juu ya boksi ili apate yale mawimbi ya ndani, na mimi nilifanya hivyo. Mawimbi ya boksi la kawaida yanapishana milimita 6 mpaka 8, zidisha kwa 32 unapata bati lenye migongo ya sentimita 20 na kitu, wakati bati la migongo midogo la kawaida linapishana kama sentimita 7.6 tu. Kwahiyo unatafuta mawimbi ya milimita 2.4.

Dawa yake ni spoki za baiskeli. Spoki nyingi zina unene wa milimita 2, inakaribia vya kutosha, chukua kama 20 zikate urefu sawa, zipange zikigusana juu ya kipande cha mbao uzigandishe kwa epoksi, hiyo ndio mashine yako ya bati. Unaweka karatasi ya aluminiamu iliyokatwa kwenye vile vyombo vya foili vya chipsi na kuku, unapitisha ncha butu ya kalamu iliyoisha wino kwenye kila mfereji, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianza pembeni inachanika, ndio sababu ya ile michaniko unayoipata. Foili ya jikoni ya roli ni nyepesi mno inakunjamana ukiishika tu, na kopo la soda ni gumu na linakata vidole, cha katikati ndio hicho cha foili ya chakula. Afu kata vipande vya ukubwa wa bati moja moja, la mita 3 ni sentimita 9.4, upana sentimita 2.6 hivi, uvipandishe kimoja juu ya kingine kama fundi anavyopaua. Ukiweka paa zima kipande kimoja linaonekana la karatasi hata kama mawimbi yako sahihi.

Rangi inabanduka kwenye aluminiamu? Hujaondoa mafuta. Sugua na sabuni ya vyombo kwa mswaki, suuza, acha ikauke, paka praima ndio rangi. Na kutu usiipake kila mahali, angalia paa la kweli, kutu inaanza kwenye misumari, kwenye maungio na ukingo wa chini maji yanapodondokea. Wengine wanaloweka stilwaya ya kusugulia sufuria kwenye siki wapate unga wa kutu afu wanashangaa siku ya 5 hamna kitu, hiyo inakuwa ni ya chuma kisichoshika kutu, tafuta ile nyuzi laini za kijivu wanayotumia mafundi wa mbao.

Udongo umepasuka, umekuwa mweusi, au unang'aa

Hapa ndio nimeteseka zaidi na hapa ndio moyo wa kazi, maana shamba ni udongo kwanza. Nilibeba udongo mwekundu kwenye mfuko kutoka kwa babu nikaumwaga kama ulivyo juu ya gundi, matokeo yake nikapata kitu cheusi kinachong'aa chenye mawe makubwa. Makosa matatu kwa mpigo, tuyatenganishe.

Mawe kwanza. Punje ya milimita 1 kwenye skeli hii ni jiwe la sentimita 3, na lile jiwe dogo la sentimita 1 ulilosahau ni mwamba wa mtu kukalia. Udongo utwange, upitishe kwenye chujio la chai, afu utakaotumika barabarani na uani upitishe tena kwenye soksi ndefu ya nailoni mpaka uwe kama unga. Ule uliobaki kwenye chujio usitupe, ndio wa shamba lililolimwa.

Weusi unatokana na gundi. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka inaufanya udongo ubaki na rangi ya udongo uliolowa, haurudi kamwe kwenye rangi ya udongo mkavu. Kwahiyo anza na udongo mweupe kuliko unaotaka, mimi nachanganya na unga wa chaki kidogo, najaribu kwenye kipande cha boksi nasubiri usiku mzima ndio naamua. Kama umeshamwaga na umekuwa mweusi, chukua rangi ya maji ya rangi hiyo hiyo iliyoongezwa nyeupe, brashi iwe karibu kavu kabisa umeifuta kwenye kitambaa, pitisha juu juu ikamate migongo tu. Dakika 10 unaona shamba linakauka mbele ya macho yako.

Kung'aa ni gundi nyingi isiyochanganywa. Sehemu 1 ya gundi, sehemu 2 za maji, tone la sabuni ya vyombo. Ukiruka sabuni utaona ile dalili nyingine, tone la gundi linakaa juu ya vumbi kama mpira na linabeba vumbi likiviringika. Kama hata na sabuni inagoma, puliza kwanza spiriti juu ya vumbi lilowe, afu dondosha gundi kwa bomba la sindano pembeni iingie yenyewe. Spiriti ni moto huo, zima jiko, fungua madirisha.

Mipasuko sasa. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unasinyaa, hauna namna, na ule mweusi wa mbuga ndio mbaya kabisa maana unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka, kama kule shambani kwenyewe. Usiuweke mnene. Umbo la ardhi litengeneze kwa kitu kingine, boksi au stairofomu, udongo uwe ngozi tu ya milimita 2 au 3, uchanganye na mchanga laini na gundi, na kama unataka nene weka tabaka, likauke, lingine. Usiweke juani kuharakisha wala usiwashe feni juu yake. Ila kama una lambo la kunyweshea mifugo, pale kwenye kingo zake acha udongo wa mbuga upasuke wenyewe, tena uombee upasuke, hamna brashi itakayokuchorea ile mipasuko vizuri zaidi.

Ubao umejipinda kama sahani

Umelowesha juu, chini pakavu. Gundi na udongo vinapokauka vinasinyaa na kuvuta ubao juu kwenye kingo zote. Hadibodi nyembamba na boksi hazitoboi hata wiki. Tumia plaiwudi ya milimita 12, piga fremu ya mbao chini yake, na kabla ya yote paka rangi ya mafuta juu na chini mpaka kwenye kingo. Kama tayari imepinda, geuza, paka gundi na maji upande wa chini, irudishe, weka uzito kwenye kingo bila kuponda mahindi, acha siku 2. Inarudi, sio yote ila inarudi.

Stairofomu imeyeyuka na kuacha mapango

Ile nyeupe inayokuja na TV na friji hailiwi na maji, inaliwa na thina. Rangi ya kupuliza ya kopo, gundi ya fundi viatu, zote zinaitafuna. Ipake kwanza rangi ya maji mara mbili, ukishaifunika kabisa ndio upulize, na tundu dogo moja uliloacha ndio litakalokuonyesha pango. Ukiikata kwa waya wa moto katia nje, ule moshi haufai kwa kifua.

Mahindi yanaonekana kama nyasi ndefu, au kama maua ya plastiki

Kwanza hesabu nafasi. Mistari ya sentimita 75 inakuwa sentimita 2.3, shina hadi shina sentimita 30 inakuwa milimita 9. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 tu kinameza mashina karibu 400, ndio maana watu wanakata tamaa wanayasogeza mbali mbali, na shamba linabaki na upara. Bora uwe na kipande kidogo kilichojaa.

Shina nalitoa kwenye fagio la chelewa, ile ncha nyembamba tu yenye kama milimita 0.8, upande mnene unakuwa mti. Majani ni karatasi ya kaki iliyopakwa rangi pande zote mbili kabla ya kukatwa, vipande virefu vyembamba, na siri ya jani la hindi ni kwamba yanatoka kwa zamu kulia na kushoto, hayatoki duara kama mnanasi, afu linapanda kidogo ndio linaanguka. Lipitishe kwenye kucha lipinde. Juu weka nyuzi fupi za katani kwa mbelewele. Hapo bado yataonekana ya kiwandani mpaka ufanye vitu viwili, uyavuruge urefu, mengine sentimita 6 mengine 7.5, na majani mawili ya chini uyapake rangi ya kaki iliyokauka. Hamna shamba la mahindi ambalo la chini lote ni kijani. Migomba hivyo hivyo, jani la mita 2 ni sentimita 6, lichane chane kwa mkasi kama limepigwa na upepo, na yale makavu yaning'inie kwenye shina, mgomba msafi ni mgomba wa plastiki.

Kijani kikipauka baada ya miezi, uliutia unga wa mbao wa majani rangi ya chakula na ukauweka dirishani. Jua linaila. Tumia rangi ya maji ya ukutani au akriliki.

Nyasi zinalala badala ya kusimama

Wengi tunatengeneza kifaa cha nyasi kwa raketi ya kuua mbu, waya mmoja kwenye chujio la chuma lenye nyuzi za nailoni, mwingine kwenye msumari, umeme unazisimamisha nyuzi kwenye gundi. Nyuzi za nailoni zikilala, angalia msumari kwanza, je umegusa gundi mbichi? Ukiuchomeka mbali kwenye plaiwudi kavu hamna kitu. Afu gundi, kwa joto la Dar na feni inazunguka gundi inafanya ngozi ndani ya dakika chache, paka eneo la kiganja kimoja, puliza nyasi, ndio usogee. Afu betri. Na nyuzi zenyewe zikishika unyevu zinagandana, zianike kwenye karatasi kwanza. Angalizo, raketi inabaki na chaji hata ukiizima, gusanisha nyaya zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kabla hujaishika, na watoto wakae mbali kabisa.

Nyuzi za milimita 4 ni nyasi za sentimita 13, zinatosha uani. Ila mabingobingo ya ng'ombe yana mita 2 au 3, hayo hayatoki kwenye raketi, kata katani ndefu, tia rangi, funga vishungi.

Maji ya lambo yananata, yana ukungu mweupe au yanavuja

Yakinata rezini (ile ya chupa mbili inayomwagwa ikaganda kama kioo) haijachanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa, usikadirie kwa macho hata siku moja, tumia mzani au sirinji mbili. Yakiwa na weupe ulimwaga gundi nyeupe nene ukitegemea iwe kioo, chini haikauki ikatoa maji yote, futa uanze upya au geuza iwe matope. Kuvuja ni tundu hujaziba, paka gundi mara mbili uache ikauke ndio umwage, milimita 3 kwa mara. Na rangi usiweke bluu jamani, lambo la ng'ombe lina maji ya chai ya maziwa.

Ukungu, sisimizi, mchwa

Kama ulitumia uji wa unga kama gundi, sisimizi watakuja, hiyo haina mjadala. Udongo na mbolea ya kweli kaanga kwenye sufuria kuukuu kama nusu saa mpaka uwe mkavu kabisa, ndio ukungu na mayai ya wadudu vinaisha. Mimi napenda ulezi kwa viazi, punje ya milimita 1.5 inakuwa kiazi cha karibu sentimita 5, sahihi kabisa, na mtama unakaa vizuri kama maboga madogo, lakini zote zichovye kwenye vanishi maana zisipofunikwa wadudu wanaweza kuzimaliza ndani ya gunia lako dogo na utakuta unga tu. Shamba langu la pili liliingiwa na mchwa kwa sababu niliegemeza ubao ukutani sakafuni. Liweke juu ya meza, acha nafasi na ukuta.

Trekta linaelea

Kila kitu kimekaa ila trekta ni kama limetuliwa kutoka angani. Magurudumu hayajazama. Chimba vishimo vya milimita 1 chini ya kila tairi, bonyeza trekta udongo ukiwa mbichi, liviringishe litoke na liache nyayo zake, wakati wa kuchimba kumbuka tairi la nyuma ni zito kuliko la mbele. La kwangu ni Massey Ferguson 135, lile la 1964 mpaka 1975, na la babu halijawahi kung'aa siku hata moja niliyoliona, kwahiyo vanishi isiyong'aa kwanza, afu unga wa udongo ule ule wa shamba kwa brashi laini, mwingi kwenye matairi na chini ya mudigadi, kidogo kwenye boneti. Kiti na usukani viache na mng'ao, mikono na suruali zinavisugua kila siku. Kitu kingine, matairi laini ya plastiki yakikaa miezi mahali pamoja juu ya rangi au plastiki ngumu yanaweza kuitafuna, weka vumbi la udongo katikati au lisogeze mara moja moja.

Mezani zuri, kwenye picha dogo

Umepiga kutoka juu, na mtu wa sentimita 5 hajawahi kuona shamba lake kutoka juu. Geuza simu kichwa chini ili lenzi ishuke mpaka karibu na udongo, rudi nyuma nusu mita, vuta zuum badala ya kusogea, maana ukisogea sana mbele panakuwa wazi na nyuma kote panafifia na hicho ndicho kinachosema ni kitu kidogo. Taa iwe moja tu, au toka nalo nje saa 10 jioni, jua likiwa upande, kivuli cha mahindi kilale juu ya barabara.